Telki, Shoti na Vigelegele

Kwanza mniwie radhi kwa mwandiko. Mkono wangu umezoea zaidi uma wa kugeuzia majani makavu kuliko kalamu, na herufi zangu zinalala huku na huku kama majani yenyewe. Tahajia nayo msiitazame sana. Niliacha shule darasa la nane na tangu hapo sijaandika kitu kirefu. Naandika polepole, nafuta, naandika tena. Lakini jambo hili nalijua, na mtu anayelijua jambo anaweza kulieleza hata kwa mwandiko mbaya.

Kazi yangu ni kutunza farasi wa mashindano, kwenye uwanja mmoja upande wa Temple Hills, hapa Maryland, Marekani. Naishi Adelphi, nyumbani kwa mjomba wangu, ndugu wa mama, pamoja na mkewe na binti yao mdogo.

Kazi yenyewe niliipata kwa mdomo wa mjomba. Yeye hubeba abiria kwa gari lake. Siku moja alimpakia mzee mmoja, Mmarekani mweusi, mwenye buti za matope na harufu ya zizi. Mzee alikuwa mkufunzi wa farasi. Njia nzima alilalamika kwamba kila kijana anayeajiriwa zizini anakimbia kabla hajajua kufunga hatamu. Mjomba akamwambia, "Mimi nina mpwa wangu, kazaliwa Lamu. Kwetu punda ndiye lori, punda ndiye teksi." Mzee akauliza kama punda na farasi ni kitu kimoja. Mjomba akajibu, "Ni mabinamu." Kwa neno hilo nikaajiriwa.

Mkaza mjomba, yaani mkewe mjomba, ambaye mimi humwita Mama, aliambiwa tu kwamba nimepata kazi kwenye shamba la wanyama. Hakuna aliyemdanganya. Ila hakuna aliyemmalizia sentensi.

Mimi ni mtu wa haya. Kwenye mikusanyiko yetu, ambako Mkenya, Mtanzania na Mkongo wanazunguka sinia moja la pilau, mimi hukaa karibu na mlango, pale panapowekwa viatu. Nikisalimiwa kwa sauti, naangalia viatu. Zizini sina haya hata kidogo. Farasi haulizi umesoma mpaka wapi. Anauliza mkono wako unatetemeka au hautetemeki, na wangu hautetemeki.

Nilipewa farasi jike wa rangi ya kahawia mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Nilipewa yeye kwa sababu hakuna aliyemtaka. Alikuwa anaogopa mwavuli, anaogopa mfuko wa plastiki, anaogopa hata kivuli cha ndoo. Miguu yake ilikuwa mizuri, moyo wake ndio uliokuwa mwepesi. Nilimfanyia kama tunavyowafanyia punda wachanga: namwendea kwa ubavuni, siendi mbele wala nyuma, na kabla ya kumgusa namwambia. Haikuchukua muda akawa anaweka kidevu chake begani kwangu nikimsafisha shingo.

Jambo la kwanza nililojifunza lilinishangaza, maana ni kinyume cha kwetu. Lamu, siku ya mashindano ya punda, vijana hukaa juu ya makalio ya mnyama bila tandiko, na anayekwenda shoti, yaani mbio za kuruka, ndiye mshindi. Hapa mbio zetu si za mpanda farasi. Farasi anavuta kigari chepesi cha magurudumu mawili, na dereva amekaa humo miguu mbele. Na farasi haruhusiwi kwenda shoti! Lazima aende telki, ule mwendo wa haraka wa punda anayejua kazi. Farasi wetu wanatupa miguu ya upande mmoja kwa pamoja, kulia kwa kulia, kushoto kwa kushoto, kama ngamia, na wanakwenda kasi ya ajabu. Farasi akivunja mwendo na kuruka shoti, dereva wake lazima amzuie na kumpisha mwenzake. Akivuka mstari kwa shoti, hata awe wa kwanza, waamuzi wanamrudisha nyuma. Kwa hiyo hapa ushindi ni wa anayekimbia akajizuia.

Nilimuuliza mkufunzi kwa nini. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuuliza kitu kwa Kiingereza bila kukipanga kichwani nusu saa. Alikuwa akichokonoa matope kwenye kwato. Alinieleza kwamba zamani katika nchi hii walikuwako wacha Mungu waliosema mbio za farasi ni dhambi, na mahali pengine zikapigwa marufuku. Lakini hakuna sheria inayomkataza mkulima kurudi nyumbani haraka na kigari chake. Basi wakulima wakawa wanarudi nyumbani haraka, wawili wawili, barabarani, na majirani wamesimama kando wakitazama nani atafika kwanza. "Hatushindani," walikuwa wakisema, "tunawahi chakula." Mkufunzi alicheka mpaka farasi akavuta mguu.

Siku nyingine alinieleza habari za upande wa pili, wale farasi wanaopandwa mgongoni. Alisema wote, kila mmoja anayekimbia leo katika ukoo ule, ukiwafuata nyuma kwa baba unafika kwa madume watatu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za mashariki, nchi za Waarabu na Waturuki. Niliposikia hivyo nilifurahi kama niliyetajiwa jamaa yangu. Akasema pia kwamba hapa Maryland watu walishindanisha farasi tangu wakati wa ukoloni wa Mwingereza, na waliowalisha, waliowafundisha na kuwapanda walikuwa watu weusi, wengi wao watumwa. Baada ya uhuru wao walishinda mashindano makubwa ya nchi hii. Kisha pesa zilipokuwa nyingi na sifa zikawa nyingi, wakasukumwa nje. "Babu yangu alibaki na uma wa majani," alisema, "nami nimerudi na leseni ya ukufunzi." Hakusema zaidi, akaniachia kwato ya nne nimalizie.

Kamari alinifundisha kwa karoti. Sikumuomba. Alisema mtu hawezi kufanya kazi kwenye nyumba bila kujua kuta zake zimesimama juu ya nini. Akachukua ndoo. "Kila anayecheza anatia karoti yake humu, na kila mmoja anataja farasi wake. Karoti zote ni za ndoo moja. Kabla ya yote, mwenye ndoo anachukua fungu lake." Akatoa karoti mbili, akatia mfukoni. "Zilizobaki wanagawana waliomtaja farasi aliyeshinda. Wakiwa wengi, kila mtu anapata kipande. Akiwa mmoja, anaondoka na zote." Ndiyo sababu namba kwenye ubao mkubwa zinabadilika mpaka mbio zianze: ni watu wanazidi kutia. Farasi anayependwa na wengi analipa kidogo, asiyependwa analipa sana, na asiyependwa mara nyingi ana sababu ya kutopendwa. Ukiogopa kutaja wa kwanza, unaweza kutaja kwamba farasi wako atakuwa katika wawili wa mwanzo, au katika watatu. Usalama unaongezeka, malipo yanapungua.

"Kwa hiyo hushindani na farasi," alisema, "wala hushindani na uwanja. Unashindana na vichwa vya wenzako. Na mwenye ndoo hapotezi kamwe." Farasi wangu akaingiza mdomo ndooni akamaliza somo lote.

Mimi sichezi. Si kwa sababu ni mtu mwema sana. Dini yangu inakataza, halafu nimeiona ile ndoo.

Sasa, mkaza mjomba ni kijumbe wa upatu wa kina mama. Wanakutana Riverdale Park kwa rafiki yake, kila mmoja anatoa fungu lake, na mwenye zamu ya mwezi anachukua chungu chote. Yeye ndiye anayepanga zamu na hajawahi kugombana na mtu, maana kila mtu anajua zamu yake itafika. Jumamosi moja alirudi kutoka huko amefunga uso. Alivua viatu, hakuvua buibui.

"Shamba la wanyama," alisema.

Mjomba alikuwa anakula tende. Aliacha kutafuna.

"Hao wanyama wana namba mgongoni?" mkaza mjomba akauliza. "Kina mama wamenicheka leo. Ati kijana wangu anaonekana kila siku akiingia pale kwenye kamari."

"Namba ni kama ya gari tu, mke wangu."

"Wewe nyamaza. Nilijua mpango huu una harufu yako." Akanigeukia mimi, na sauti yake ikashuka, na ikishuka ndipo inapotisha. "Mwanangu, mashindano ya farasi dini haiyakatazi. Kamari imekataza. Kesho nakuja kutazama kwa macho yangu. Nikikuta mkono wako kwenye dirisha la kamari, au mkono wa huyu mjomba wako, keshokutwa unakwenda kuosha vyombo jikoni kwenye mkahawa wa kaka yangu."

Hakuna ubaya kuosha vyombo. Lakini jikoni kwa kaka yake ni kelele, ni oda, ni mtu kukuita kutoka pande tatu, nami huko ningerudi kuwa yule wa kwenye viatu. Na farasi wangu angepewa mtu ambaye mkono wake unatetemeka. Mkono wangu mimi nilijua ni safi. Wa mjomba sikuujua.

Jumapili asubuhi mjomba alinipeleka kazini kwanza, kisha arudi kuwachukua wengine. Njiani aliniuliza, "Huyo jike wako hajashinda tangu lini?"

"Msimu mzima hajashinda, Mjomba."

"Basi zamu yake imefika."

"Hakuna zamu, Mjomba."

"Kila chungu kina zamu. Muulize mkaza mjomba wako."

Nikamweleza habari ya ndoo na karoti, yote, na kwa mara ya kwanza maishani mimi nilisema na yeye akanyamaza. Nikadhani ameelewa. Nilipomaliza akapiga usukani kwa kiganja. "Watu wote wanatia, kijumbe anashika, mmoja anachukua. Ni upatu huo!" Kosa hilo nimelisikia tena kwa watu wetu wengi pale kwenye ukingo wa uwanja. Sisi tumelelewa na zamu, tukiona chungu tunadhani kinazunguka.

Mchana walifika, mjomba, mkaza mjomba na binti yao. Nilikwisha kumvalisha farasi mikanda na kumkabidhi kwa dereva, nikaenda kusimama nao kwenye ukingo, karibu na mstari wa mwisho. Mjomba alikuja nyuma kidogo. Alisema alikuwa chooni.

Mkaza mjomba aliutazama ubao mkubwa kama anayekagua kitambaa dukani. "Zile namba zinazobadilika ni nini?"

Nikamweleza.

"Nani kijumbe?"

"Uwanja, Mama."

"Anachukua chake lini?"

"Kabla ya watu wote."

"Na aliyekosa leo, atapata mwezi ujao?"

"Hapana, Mama. Anaweza asipate kabisa."

Akageuka akamtazama mjomba. "Upatu gani huu, mtu anatia maisha yake yote na zamu yake haimo?" Mjomba akatazama mawingu, akasema huenda mvua ikanyesha.

Mbio zetu hazianzi kwa farasi kusimama. Linakuja gari lenye mbawa mbili ndefu, farasi wanakwenda nyuma yake wamejipanga, kisha gari linaongeza kasi, linakunja mbawa na kuwapisha. Farasi wangu aliondoka vizuri. Kona ya kwanza alikuwa katikati, telki safi, miguu inatupwa pamoja kama mtu mmoja anayepiga makasia. Masikioni alikuwa na vizibo, kwa sababu ya woga wake. Vizibo hivyo vina kamba, na dereva huvivuta wakifika mwisho, ili farasi asikie watu ghafla na kuongeza moyo. Kwenye kona ya mwisho alikuwa wa tatu. Walipotoka kwenye kona akawa wa pili. Nikaona mkono wa dereva unavuta kamba.

"Ndiye huyo?" mkaza mjomba aliuliza. "Ndiye wetu huyo?"

"Ndiye."

Basi yule mwanamke aliyekuja kufunga kazi yangu, aliyekuja na uso wa hakimu, alishika ukingo kwa mikono miwili na kupiga vigelegele. Si vya adabu. Vya harusi, vya bibi harusi anatoka ndani, virefu, vinapanda na kushuka bila pumzi. Watu wa safu yote wakageuka.

Farasi wangu katika maisha yake alikwisha kusikia king'ora, honi na watu kupiga kelele. Vigelegele hakuwahi. Vilimwingia katika masikio yaliyozibuliwa papo hapo. Aliinua kichwa, akavunja telki, akaruka shoti. Dereva alivuta hatamu mpaka mgongo wake ukalala kwenye kigari, lakini wapi. Alivuka mstari akiwa wa kwanza, anaruka kama punda wa Lamu.

"Nilikwambia! Zamu! Nilikwambia zamu!" Mjomba alikuwa anacheza, mkono juu, na mkononi alikuwa na kikaratasi.

Mimi sikucheza. Niliangalia ubao. Namba ya farasi wetu iliwaka mahali pa kwanza, ikaanza kumemeteka, ikazimika. Iliporudi ilikuwa chini ya zote.

Binti yao akauliza kwa Kiingereza kwa nini wa kwanza amekuwa wa mwisho. Mama yake alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, lakini macho yake yalikuwa yamefika kwenye mkono wa mjomba.

"Hicho nini?"

"Risiti ya kuegesha gari."

"Hapa kuegesha ni bure. Nimesoma kibao."

Mjomba akakunja kikaratasi kidogo kidogo. Kisha akapata akili. "Haya. Na ile sauti, mama, ilitoka kwa nani?"

Nikawaacha, maana nilikuwa na farasi wa kwenda kumpokea. Lakini walinifuata mpaka kwenye lango la mazizi. Mlinzi akaniuliza hawa ni nani, nikasema ni wa kwetu, akawapitisha. Mkufunzi alikuwa amefika, amesimama mikono kiunoni. Farasi alikuwa anatetemeka, jasho limefanya povu. Nilimshika lijamu, nikasimama ubavuni kwake, nikamwambia maneno yetu.

"Ile ilikuwa nini?" mkufunzi akauliza. "Nani alileta king'ora kwenye ukingo wangu?"

Nilijua ninavyopenda kunyamaza. Safari hii sikunyamaza. Nikamwambia kwa Kiingereza, nikimtazama usoni, kwamba si king'ora, ni sauti ya wanawake wa kwetu wakifurahi sana, na waliokuja ni watu wangu, na kama kuna wa kulaumiwa nipo mimi.

"Si yeye." Mkaza mjomba alisogea mbele, ameinua pindo la buibui lisiguse matope. "Ni mimi."

Mkufunzi alimtazama. Alimtazama farasi. Akavua kofia. "Mama, unaweza kufanya tena?"

Nilimtafsiria. Akadhani anadhihakiwa. Mkufunzi akaendelea, nami nikaendelea kutafsiri: farasi huyu anaogopa kila kitu, na kitu anachokiogopa kinaondolewa kwa kumzoesha. Aje Jumamosi asubuhi, wakati hakuna mashindano wala watu. Apige sauti ile kutoka mbali, kijana ampe karoti. Wiki inayofuata asogee karibu. "Akiizoea hii," alisema, "hakuna sauti hapa Maryland itakayomvunja mwendo."

Mkaza mjomba alikuwa ananitazama mimi, namna nilivyokuwa nikikwangua jasho kwa kibao cha mti na kuinua mguu wa farasi bila kuuvuta. "Wewe," alisema, "unajua Kizungu chote hiki? Nyumbani unaniomba chumvi kwa kidole!"

Hukumu ilitolewa garini, njiani kurudi Adelphi. Mjomba aliendesha kwa adabu kubwa.

"Kazi unabaki nayo," mkaza mjomba alisema. "Jasho la mnyama nimeliona, na lako nimeliona. Mjomba wako atakushusha langoni, na tairi lake lisivuke lango. Pesa zako zitalipa umeme na uzoaji wa taka. Kwenye sufuria yangu haziingii mpaka nimuulize mwenye elimu ya dini."

"Na wewe utakwenda Jumamosi?" mjomba akauliza.

"Mimi nina kazi ya kurekebisha nilichoharibu. Wewe umeharibu nini cha kurekebishwa ila kikaratasi?"

Alimuuliza mwenye elimu. Alijibiwa kwa maneno marefu, na mpaka leo pesa zangu zinalipa umeme na taka. Sina ugomvi. Taa zinawaka.

Na Jumamosi alikwenda kweli. Ya kwanza alisimama nyuma kabisa ya mazizi, akatoa kigelegele kimoja cha aibu, farasi akainua kichwa, mimi nikatoa karoti. Wiki kwa wiki akasogea. Mwishowe alikuwa akipiga vya harusi pembeni ya farasi, na farasi anatafuna, sikio moja tu linageuka.

Jumapili iliyopita walikimbia tena. Mkaza mjomba alisimama upande wa mazizi, mbali na madirisha ya kamari. Kamba ya vizibo ilipovutwa, alipiga vigelegele mpaka farasi wa mwisho akapita. Wetu alimaliza wa pili, telki safi, hakuvunja hatua hata moja. Nje ya lango, mjomba alivisikia akapiga honi.

Nimefika mwisho wa karatasi na vidole vimechoka. Ninyi mliosoma, niandikieni. Mnaofuga punda, niambieni mnawazoesha vipi sauti za harusi, na kama kwenu kuna mashindano ambayo anayejizuia ndiye anayeshinda. Andikeni kwa herufi kubwa na msiwe na haraka. Nasoma kama ninavyoandika, lakini namaliza.